Kilo ishirini ziko ukurasa wa ngapi? Shajara ya darasa la hotuba, Moshi

Jumanne, 4 Machi 2025

Nimejiandikisha. Elfu sitini kwa wiki kumi, kila Jumanne na Alhamisi, chumba cha ghorofani juu ya duka la mabati na misumari, hatua chache kutoka mnara wa saa. Tuko kumi na wawili. Yupo dereva wa bajaji anayetaka kuwa mshereheshaji wa harusi, yupo muuguzi, mwinjilisti, kijana anayepandisha wageni mlimani, mama wa duka la vitenge. Wengine bado sijawajua. Mwezi huu ni Ramadhani, kwa hiyo tunaanza saa kumi jioni ili wenzetu wawahi futari. Kesho sisi Wakatoliki tunapakwa majivu. Mkufunzi katutazama, akasema basi darasa zima litasoma na njaa.

Kilichonileta ni hiki. Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Kibosho. Mwaka jana kwenye mkutano mkuu nilisoma taarifa ya mapato na matumizi, kurasa sita, dakika ishirini na tano, sikuinua uso hata mara moja. Nilipomaliza, mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akasimama taratibu, akavua kofia, akasema: "Mimi nilileta kilo mia. Kwenye hesabu ya mwisho nimeandikiwa themanini. Huyu mama amesoma mengi na tumemsikia. Ninachouliza, zile ishirini zangu ziko ukurasa wa ngapi?"

Ghala zima lilicheka. Mimi nikaanza kupekua karatasi, kana kwamba ukurasa huo upo.

Mkutano wa mwaka huu ni tarehe 24 Mei. Nina wiki kumi na moja na siku kadhaa.

Zoezi la leo lilikuwa kujitambulisha kwa dakika tatu. Mkufunzi alinirekodi kwa simu yangu mwenyewe, akaniagiza nikasikilize nyumbani nikiwa peke yangu na nihesabu kitu kimoja tu: zinapita sekunde ngapi kabla sijasema jambo. Nimesikiliza sasa hivi, watoto wamelala. Nimeshukuru kwa kupewa nafasi hii adhimu. Nimemshukuru Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima wa afya. Nimemtambua mkufunzi, nimewatambua wanadarasa wenzangu, nimesema itifaki imezingatiwa, kisha nikaendelea kuizingatia. Jina langu limekuja kwenye sekunde ya 94.

Namba hiyo nitaiandika humu kila mara. Leo: 94.

Alhamisi, 6 Machi

Chupa na kijiko. Mwanadarasa mmoja anashika chupa tupu ya soda na kijiko cha chai. Msemaji akitoa "aaa" au neno lisilo na kazi, chupa inagongwa. Mkufunzi anasema kuhesabu hivi, pamoja na zile karatasi za kijani, njano na nyekundu anazoinua kuonyesha muda, amejifunza kutoka vilabu vya Toastmasters, vya watu wanaojifunza kuhutubia, ambavyo Ralph Smedley alianzisha kule Santa Ana, California, mwaka 1924. Chupa na kijiko ni ubunifu wake mwenyewe.

Kila mtu kumbe ana ugonjwa wake. Dereva wa bajaji: "sijui nini". Muuguzi: "sawa eeh?", kama anayemchoma mtu sindano. Mwinjilisti yeye akipoteza njia anasema "Bwana asifiwe". Chupa ilipogongwa akakasirika, akasema jina la Bwana haliwezi kuwa neno lisilo na kazi. Tukagawanyika, nusu huku nusu kule. Mkufunzi akaamua hivi: ukisema "Bwana asifiwe" ukasubiri tuitikie amina, haigongwi. Ukisema huku unatafuta sentensi inayofuata, inagongwa. Mwinjilisti akafikiri kidogo, akasema hiyo ni haki.

Wangu ni "kwa maana ya". Mapato kwa maana ya fedha, wanachama kwa maana ya wakulima, ghala kwa maana ya jengo. Mara kumi na moja ndani ya dakika tatu. Neno hili nimeliokota kwenye semina. Kila afisa anayekuja kutufundisha analo. Ni neno linalovaa suti. Nilikuwa sijui kama nami nimelivaa.

Jumanne, 11 Machi

Pumzi. Unalala chali, kitabu juu ya tumbo, ukivuta pumzi kitabu kipande. Kikibaki palepale na mabega ndiyo yakapanda, umekosea. Mama wa vitenge alikataa kulala chali mbele ya wanaume, akaletewa kiti na kuambiwa aweke kiganja tumboni. Yeye ndiye aliyefaulu wa kwanza. Namba: 71.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimerudi nyumbani na daladala ya mwisho kwa sababu hakuna aliyetaka kuondoka.

Mkufunzi alileta spika ndogo na rekodi ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin. Sisi tuliozaliwa baadaye tunakijua kile kipande kwa kukisikia redioni kila mwaka: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Tulipoanza kupiga makofi mkufunzi akazima spika. Akauliza swali la shule ya msingi: kitenzi kiko wapi?

Kiko mwisho. Mtu wa kawaida angesema "tunao uwezo wa kumpiga". Yeye anautanguliza uwezo, watu wanaushika, wanangoja waambiwe umefanyaje, ndipo "tunao" inapotua kama mchi kwenye kinu. Halafu ananyamaza. Halafu sababu, na mchi. Halafu nia. Mara tatu, basi, haongezi la nne. Nimeisikia hotuba ile labda mara mia na sikuwahi kuona kwamba nguvu yake nusu iko kwenye mpangilio ambao hata mtoto wa darasa la tatu anaujua. "Chakula kipo." "Fedha sina." Ni Kiswahili cha jikoni kabisa.

Kutoka hapo tukaingia kwenye Mwenge wa Uhuru. Kijana wa mlimani alisema wageni humuuliza habari zake, naye huwasimulia jinsi Alexander Nyirenda alivyoupandisha kileleni usiku wa uhuru, Desemba 1961. Mkufunzi akamuuliza kama anajua kwamba maneno yalitangulia mlimani kabla ya mwenge wenyewe: Nyerere aliyasema kwenye Baraza la Kutunga Sheria tarehe 22 Oktoba 1959, miaka miwili kabla. Tumaini pasipo na tumaini, upendo palipo na chuki, heshima palipo na dharau. Jozi tatu, na kila jozi ni ugonjwa na dawa yake. Kijana hakujua. Alitoa kitabu kidogo mfukoni akaandika, na nadhani wageni wake wa wiki ijayo watafaidi.

Zoezi: kila mtu atunge sentensi moja, jambo mbele, kitenzi nyuma. Nilisimama nikasema, "Hesabu ya kilo ishirini ninayo."

"Basi itoe!" akapayuka dereva wa bajaji.

Tulicheka wote. Njiani ndani ya daladala nikawa najiuliza kwa nini sikuitoa.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeandika hotuba ya dakika tano. Vitabu vya Kiingereza husema msemaji hutoa maneno 130 hadi 150 kwa dakika, nikapiga hesabu, nikaandika maneno 700. Nimeisoma kwa sauti jikoni: dakika saba na zaidi, na ugali umeshika chini.

Kosa ni kuazima kipimo cha lugha ya watu. "Hatujakudhulumu" ni neno moja; Mwingereza anahitaji matano. Maneno yetu yamebeba mzigo, hayawezi kukimbia. Nimejipima mara tatu na simu: nikiongea bila kukimbizwa mimi ni maneno kama 95 kwa dakika. Kwa hiyo dakika tano ni maneno 475. Yaliyozidi 225 lazima yaondoke. Yameondoka kirahisi kuliko nilivyodhani, maana karibu yote yalikuwa shukrani kwa wadau na orodha ya semina nilizohudhuria.

Jumanne, 8 Aprili

Ramadhani imekwisha, Kwaresima bado. Sasa tunaanza saa kumi na mbili, na mvua inatukuta darasani.

Nimetoa hotuba yangu. Namba: 38. Chupa imegongwa mara mbili tu. Nikakaa nikisubiri sifa.

Mkufunzi aliwauliza wenzangu kama wameelewa zile kilo ishirini zimekwenda wapi. Kimya. Muuguzi akasema amesikia "tofauti ya uzito baada ya uchakataji". Mama wa vitenge alisikia "asilimia sabini na tisa nukta sita". Dereva wa bajaji, ambaye kwao ni Pasua na kahawa anaijua kwenye kikombe tu, akauliza, "Dada, samahani, maganda ni nini? Ya ndizi?"

Dakika tano nimesema neno "maganda" mara tisa na hakuna aliyeliona.

Kisha mkufunzi akaniuliza jambo ambalo ningependa angeniuliza faragha. "Yule mzee mwaka jana, unadhani alikuwa anauliza nini?" Nikasema alikuwa anauliza kuhusu uzito. "Hapana. Alikuwa anauliza nini?"

Nikajua, na nikajua kwamba nilikuwa najua siku zote. Alikuwa anauliza kama tumemwibia. Miaka ya nyuma, kabla sijaajiriwa, mhasibu mmoja wa chama chetu aliondoka na fedha za watu, na hakuna mzee aliyesahau. Mimi nimekalia kiti kilekile, natumia kabati lilelile. Nikisimama mbele ya wanachama neno "wizi" linakuwa limekaa mstari wa mbele limekunja mikono, nami ninazunguka huku na kule nisilitazame. Sekunde 94 zile hazikuwa uoga wa watu. Watu siwaogopi, nimelelewa nyumba ya watoto tisa, ukinyamaza hupati nyama.

Kwa hiyo kazi ni mbili: kuwaonyesha maganda, na kulitaja lile neno.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekuja na kahawa kwenye mfuko wa kitenge, kiganja kimoja kwa kila mtu.

Nimejaribu hivi. Mbuni ukiiva unachuma tunda jekundu. Unalimenya kwenye mashine, unavundika, unaosha, unaanika juu ya vitanda vya wavu mpaka punje inagonga ukiitikisa. Kinachobaki ndicho mkulima anacholeta kwenye mizani yetu: punje imevaa ngozi ngumu ya rangi ya karatasi kuukuu. Hiyo ngozi ndiyo ganda. Kiwanda cha kukoboa huku mjini kinaivua, na punje ya kijani ndiyo inayokwenda mnadani.

Nikawaambia wafikiche kwa vidole. Chumba kikajaa mchakarisho kama wa panya darini. Dereva wa bajaji alifikicha punje kumi, akapuliza, maganda yakaruka yakamwangukia mwinjilisti kwenye suti. "Kumbe mepesi hivi," akasema. Mimi: mepesi, ndiyo, lakini ukipeleka kilo mia, hayo unayopuliza ni kilo ishirini.

Alinyamaza akitazama kiganja chake. Nilimwona mtu akielewa. Miaka sita nasoma taarifa na sikuwahi kuona uso wa namna ile.

Nikaongeza la mnada, maana linachanganya wengi. Bei ya mnada wa Moshi hutajwa kwa dola kwa kila gunia la kilo 50, na ni kilo 50 za kahawa safi, yaani iliyokwisha kuvuliwa ganda. Mkulima anaisikia redioni, anaigeuza kuwa shilingi, anagawa kwa hamsini, kisha anazidisha kwa kilo zake za kahawa yenye maganda. Lazima aone ameibiwa hata kabla makato hayajaguswa. Hiyo nimeieleza kwa dakika moja na nimeona haikuingia vizuri. Bado.

Takwimu nimezipunguza hadi tatu: mia, themanini, hamsini. Asilimia na nukta zake zibaki kwenye karatasi watakayogawiwa.

Jumanne, 22 Aprili

Baada ya Pasaka. Nimesimama, nimetazama watu, nimesema: "Kilo ishirini za kahawa yako hazijaibwa. Nimekuja nazo." Namba: 0. Darasa lilipiga makofi. Mkufunzi aliinua karatasi ya kijani bila sababu yoyote, kwa furaha tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, kikao cha wajumbe wa vitongoji ofisini kwetu. Watu kama ishirini. Nikaona ni nafasi nzuri ya kujaribu. Nikapewa muda, nikasimama, nikasema kama nilivyosema Jumanne.

Mzee mmoja wa bodi akainua mkono. Alikuwa mpole kabisa. "Binti yangu, tumeshiba Pasaka salama?"

Nikasema tumeshiba, baba, shikamoo.

"Marahaba. Huyu hapa ametoka kumzika dada yake Alhamisi. Wewe umeingia na wizi."

Nilipenda ardhi ipasuke. Nikampa pole mfiwa, nikasalimia upya mmoja mmoja, na hotuba ikafia hapo. Wajumbe walisikiliza hayo mengine kwa adabu, kama unavyosikiliza tangazo la mnada wa gari usilolitaka.

Namba yangu ya sifuri imenifedhehesha kuliko ile 94.

Jioni nilimsimulia baba mkwe, tukiwa tumekaa kihambani, shamba la nyumbani, anakata majani ya ng'ombe. Hakucheka, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema kwenye kikao cha ukoo mtu akisimama, kwanza anataja waliopo na walikotoka, anamtaja mgonjwa, anamtaja aliyetangulia. "Usipomtaja mtu, unataka akusikilize kama nani?" Akaendelea kukata majani.

Nimekaa na swali hilo usiku kucha.

Jumanne, 6 Mei

Nimempelekea mkufunzi kesi yangu na ya baba mkwe. Nilitegemea atetee sifuri yake. Badala yake alirudi kwenye ile hukumu aliyompa mwinjilisti mwezi Machi: salamu inayongoja kuitikiwa haigongwi chupa. Nilichokuwa nikifanya zamani, "wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa", hakina mtu ndani. Nani ataitikia? Hakuna anayeitwa mgeni mwalikwa.

Kwa hiyo nimeandika salamu ya watu halisi. Imechukua muda kuliko hotuba yenyewe. Nimewataja wazee waliotoka vitongoji vya juu kabisa, jirani na msitu, ambao huamka saa kumi usiku kuwahi mkutano. Nimewataja waliofiwa. Na nimewataja akina mama wanaochuma. Hili la mwisho limenigharimu karatasi tatu, kwa sababu huku kwetu tangu enzi na enzi kahawa ni ya baba na ndizi ni za mama. Daftari la chama lina majina ya wanaume, na mikono iliyochuma mingi ni ya wanawake. Nikilisema kwa ukali nitagombana na mkutano kabla ya kufika kwenye maganda. Mwishowe nimeandika: "Nawasalimu akina mama, ambao kila punje tutakayoizungumzia leo ilipita kwanza kwenye vidole vyenu."

Sekunde 45. Mwenye kijiko alikuwa kijana wa mlimani, hakukigusa.

Alhamisi ni darasa la mwisho. Limebaki zoezi la kipaza sauti tu.

Alhamisi, 8 Mei

Kipaza sauti: usisimame mbele ya spika, sauti yake ikirudi kwenye kipaza inazunguka mpaka inapiga mluzi. Usikigonge na kusema "helo, helo". Usikimeze. Dereva wa bajaji amepata harusi yake ya kwanza, Majengo, Juni. Ametualika wote, na ametuomba asimwone yeyote na chupa na kijiko.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika usiku, miguu ndani ya maji ya moto.

Mkutano ulikuwa ghalani, viti vya kukodi na mabenchi ya kanisani, wanachama zaidi ya mia mbili. Chai na maandazi saa nne. (Mkutano wa wakulima wa kahawa na tunakunywa chai, nimezoea, sishangai tena.) Nilipokuwa nawatazama wanaingia nikakumbuka hawa ni wasikilizaji wa aina gani. Ushirika wa kahawa mlima huu ulianza na KNPA, chama cha wakulima Waafrika wa Kilimanjaro, mwaka 1925, KNCU, muungano wa vyama vya ushirika, ikafuata 1933. Babu zao walikuwa wakihoji hesabu za makatibu kabla Tanganyika haijawa na bendera. Hawa huwezi kuwapita kwa "kwa maana ya".

Nilikuwa na kadi moja ya mkononi, mizani ndogo ya jikoni, kinu kidogo cha baba mkwe na mchi wake, ungo, na gramu mia za kahawa ya maganda kwenye bakuli. Mwenyekiti alipoona kinu akaniuliza kwa kunong'ona kama tunapika.

Nikasalimia. Nikangoja waitikie. Kitongoji cha juu waliitikia kwa sauti, wakapigana vijembe na wa chini. Nilipowataja akina mama kulitokea mguno, si wa hasira, ule mguno wa watu wanaogeuka kutazamana. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele kifupi, kisha akakikata mwenyewe. Nikaendelea.

"Mwaka jana mzee wetu aliniuliza kilo zake ishirini ziko ukurasa wa ngapi. Sikumjibu. Wapo wanaosema zimeibwa. Kwenye chama hiki hiki watu wamewahi kuibiwa, kwa hiyo aliyeuliza ana haki ya kuuliza. Jibu ninalo."

Nikanyamaza, kama tulivyofundishwa. Na hapo mvua ikashuka.

Asiyeijua mvua ya Mei ya Kibosho juu ya mabati huwezi kumweleza. Nilimwona mwenyekiti akisogeza midomo na sikusikia hata herufi. Kipaza sauti kilikuwa cha betri, kikawa kama mbu. Wiki kumi za pumzi ya tumbo, na mabati yamenishinda kwa sekunde moja. Nikasimama na kadi yangu, sijui nifanye nini na mikono.

Yule mzee alikuwa palepale karibu na mlango, mvua inamrukia. Nikamwita kwa mkono. Akaja. Nikamwonyesha mizani, nikaweka bakuli tupu, nikaisawazisha isome sifuri, nikamimina kahawa. Akainama, akasogeza miwani, akainua kidole kimoja kwa watu: mia. Nikamwaga kwenye kinu, nikampa mchi.

Akatwanga. Mzee wa miaka themanini na kitu, amevaa koti la Jumapili, anatwanga kahawa mbele ya mkutano mkuu, na hakuna mtu anayeweza kusema neno. Watu wa nyuma wakasimama kwenye mabenchi. Mama mmoja akaona anatwanga kiume, vibaya, akaja akamnyang'anya mchi. Hata kwenye ngurumo ile kicheko kilisikika. Yule mama ndiye aliyemaliza, ndiye aliyepepeta, maganda yakaruka mpaka meza kuu, mengine yakatua kwenye chai ya afisa ushirika. Punje zikarudi kwenye bakuli, bakuli juu ya mizani. Mzee akainama tena. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba mbili.

Akageuka akainua mikono, vidole vyote kumi, akavikunja na kuvikunjua mara nane, kisha akaonyesha kimoja. Themanini na moja.

Mvua ilipopungua nilimalizia la mnada na gunia la kilo 50. Sasa liliingia, au angalau nilisikia wanalijadili wenyewe kwa wenyewe, Kichaga juu ya Kiswahili. Makato yalibishaniwa saa nzima kama kila mwaka. Ushuru haujawahi kupendwa na mtu. Pendekezo la kununua mashine mpya ya kumenya limekwama, watalizungumza tena. Lakini neno wizi halikurudi.

Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Mzee akasimama. Hakuvua kofia safari hii.

"Aliyekufundisha amekufundisha. Ishirini zangu nimeziona, zilikuwa kumi na tisa. Sasa niambie. Hayo maganda ya kilo ishirini, kiwanda kikishayavua, ni mali ya nani?"

Nilitazama kadi. Halafu nikaacha kuitazama.

"Sijui, baba. Nitakuletea jibu."

Jumanne, 27 Mei

Nimeshuka mjini asubuhi, nikauliza. Nimeambiwa maganda ya kahawa yanafaa kwa kuni na wapo wanaoyanunua. Nimerudi ofisini nikasoma mkataba wetu wa kukobolewa kahawa, kurasa zote. Maganda hayatajwi popote.

Nimeomba nafasi kwenye kikao cha bodi cha Juni. Dakika tano. Baba mkwe ameuliza kama kinu nitakihitaji tena au akirudishe jikoni.